Chokaa ya mfuko kwa kuta za zamani Arusha na Moshi: nzuri, ila si kama inavyotoka dukani

Chokaa iliyozimwa, yaani iliyochomwa kisha ikatiwa maji, ile ya unga mweupe inayouzwa kwa mifuko ya kilo 25 kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, ndiyo bidhaa tunayoipendekeza kwa yeyote anayekarabati nyumba ya mawe ya miaka ya 1890 au mwanzoni mwa 1900. Kasoro yake kubwa iko kwenye matumizi. Watu wameizoea kwa kupaka mashina ya miti na mawe ya pembeni mwa barabara, basi na ukutani wanaichanganya na maji asubuhi, wanaipiga mchana, na wiki ya pili inadondoka kama unga. Lawama zote zinaenda kwa chokaa.

Ukuta wenyewe ndio unaoamua, na umri wake ndio unaoonyesha ulijengwa kwa kitu gani. Boma la Arusha, leo Makumbusho ya Elimu Viumbe, lilijengwa na Wajerumani mwaka 1900 kwa kazi ya shuruti ya wenyeji. Kule Old Moshi, Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa hapo, aliwashinda Wajerumani mwaka 1892, lakini Agosti 1893 Kanali Friedrich von Schele akamshinda, na kituo cha kijeshi kikahamishwa kutoka Marangu kuletwa hapo kwenye makao ya utawala wa Meli na wa baba yake, Mangi Rindi. Saruji ya kuchomwa nchini haikuwapo hadi kiwanda cha Wazo Hill kilipoanza mwaka 1966. Kabla ya hapo iliagizwa kutoka nje, na kwa karne ya 19 ilikuwa ghali mno kuijengea ukuta mzima. Kwa hiyo ukikuta lipu ngumu ya kijivu kwenye jengo la umri huo, mara nyingi ni kazi ya juzi. Chukua msumari ukwaruze kiungo kati ya jiwe na jiwe: udongo utamomonyoka, chokaa itatoa unga mweupe, saruji itakwaruza msumari.

Kwa nini basi saruji isitumike? Mawe ya huku ni ya volkano, mengi meusi na mazito, hayanywi maji kwa urahisi. Unyevu unapanda na kutoka kupitia viungo. Ukivifunika kwa lipu ya saruji, maji yanaingia kwenye nyufa ndogo usizoziona na hayapati pa kutokea. Udongo wa ndani unalainika, chumvi inaganda nyuma ya lipu na kuisukuma. Gonga kwa kifundo cha kidole: panapolia kama debe tupu, lipu imeshaachana na ukuta. Ikidondoka huondoka na uso wa kiungo, na wakati mwingine na jiwe lenyewe.

Sasa dukani. Hakikisha unachopewa ni chokaa kweli, maana putti ya skimu, jipsamu na saruji nyeupe zote ni unga mweupe, na muuzaji mwenye haraka atakuambia ni kitu kilekile. Soma mfuko. Kisha pima uzima wake: weka kijiko kimoja kwenye sahani, dondoshea siki. Chokaa nzima hutoa mapovu machache tu. Ikichemka kama soda iliyotikiswa, imekaa ghalani mpaka imevuta hewa na kurudi kuwa mawe ya chokaa yaliyosagwa, haitashika tena. Mfuko wenye mabonge magumu usiuchukue hata kwa bei ya kutupa. Chokaa hai isiyozimwa, ile ya mabonge ya tanuri, inatoa uji bora zaidi, lakini ikikutana na maji inachemka na kuruka. Kama fundi hajawahi kuizima, abaki na ya mfuko.

Uloweshaji ndio unaorukwa na wengi. Mimina maji kwanza kwenye pipa la plastiki, kama lita 25 kwa mfuko mmoja, kisha mwaga unga taratibu huku ukikoroga. Acha tabaka la maji juu, funika. Saa 24 ni kima cha chini. Mwezi mmoja ndio unaotoa uji mzito, laini, unaong'ang'ania mwiko hata ukiugeuza. Mfuko mmoja hutoa karibu lita 35 za uji.

Mchanganyo wa lipu ni ndoo moja ya uji kwa ndoo tatu za mchanga. Si uwiano wa kubuni: nafasi zilizo kati ya punje za mchanga ni karibu theluthi moja ya ujazo wake, na chokaa inatakiwa kuzijaza zote. Ndiyo maana mchanganyo wa ndoo moja kwa tatu unabaki karibu ndoo tatu. Kwa lipu ya milimita 10, ndoo hizo za lita 20 zinafunika mita za mraba sita, au tano ukihesabu kinachoanguka chini.

Mchanga uwe wa punje kubwa na ndogo kwa pamoja, wenye kona. Mchanga mweusi wa korongoni huja na vumbi jingi, na vumbi ndilo mama wa nyufa. Jaza chupa theluthi moja kwa mchanga, ongeza maji, tikisa, acha usiku kucha. Ukiona tabaka nene la tope juu ya mchanga, osha kabla ya kutumia. Kwa upande unaopigwa na mvua, ongeza robo hadi nusu ndoo ya vumbi la matofali ya kuchoma kwa kila ndoo ya uji. Linaisaidia chokaa kushika hata kwenye unyevu.

Kabla ya mwiko wa kwanza, tafuta maji yanakotoka: gata iliyotoboka, udongo uliolundikwa ukutani, mfereji ulioziba. Bila hilo unapoteza fedha. Ondoa saruji kwa nyundo na tindo, usilete mashine ya kuvunjia zege. Chimbua viungo hadi milimita 25, nyunyizia maji mpaka ukuta uache kuyafyonza kwa pupa, jaza, bana mashimo makubwa kwa vipande vya mawe. Kisha lipu, tabaka lisizidi milimita 10, na kati ya tabaka na tabaka ngoja angalau wiki.

Chokaa inashika kwa kuvuta hewa polepole, na inahitaji unyevunyevu ili ivute. Tundika magunia yaliyoloweshwa kwa siku tano au zaidi. Moshi ndiko inakoharibika zaidi, jua la Januari na Februari linaikausha kabla haijashika. Kule weka turubai la kivuli au subiri Juni. Arusha ya Juni hadi Agosti ni baridi, kazi inakwenda taratibu lakini inatoka safi. Masika usiguse ukuta wa nje.

Rangi ya juu iwe chokaa hiyohiyo, nyepesi kama maziwa, mikono minne au mitano. Rangi ya plastiki inaziba kila ulichokifungua.

Ukuta wa mawe yaliyopangwa makavu, bila udongo wala chokaa kati yake, usiutie chokaa wala saruji. Panga upya jiwe kwa jiwe. Na jengo lililotangazwa chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 halianzwi bila kibali cha idara husika, hata kama fundi ameshafika na karai lake.

Glavu na miwani ni lazima. Ikiingia jichoni, osha kwa maji safi dakika 15 bila kusugua, kisha hospitali. Uji uliobaki usimwage: weka maji juu yake, funga mfuniko, utafaa mwakani na pengine utakuwa bora kuliko ulipoanza.