TAHADHARI: vidonge vya kupungua vya "asili tupu", vikikufanyia kazi haraka ndo uogope zaidi

Wakuu, kuna muuzaji anazunguka kwenye magrupu na status za watu, chupa nyeupe ina picha ya majani, maneno ni yaleyale, "asili 100%, haina kemikali, haina madhara, unapungua bila diet wala mazoezi". Jina simtaji na hata nikitaja halisaidii, wapo kibao wa hivyo na akaunti ikichafuka wanafungua nyingine. Nawapa mchezo wenyewe unavyochezwa.

Wengi wanadhani hasara ya hizi dawa ni kupigwa hela tu, yaani unameza, hupungui, umeliwa, basi. Hiyo ni nusu ya shida na ndo nusu yenye nafuu. Ile inayofanya kazi kweli, umemeza asubuhi mpaka usiku hata harufu ya chakula huitaki, hiyo ndo ya kukaa nayo mbali kabisa, kwa sababu mara nyingi maana yake humo ndani imetiwa dawa ya hospitali na wewe hujaambiwa.

Shemeji yangu alikuwa anavitumia hivyo vya huyu jamaa. Kupungua alipungua, hilo silikatai. Ila usingizi ukakata, mdomo mkavu muda wote, choo kigumu, moyo unaenda mbio na yeye amekaa tu kwenye kiti. Akamuuliza muuzaji, jibu likaja "usiogope dada, huo ni mwili unatoa sumu, ongeza maji". Alipokazana kuuliza viambato ni vipi akapigwa block. Mtu anajua mpaka sumu za mwilini kwako zinavyotoka lakini kilichomo kwenye kidonge chake mwenyewe hawezi kukutajia! Kwenye lebo kulikuwa na "mimea mchanganyiko" tu, hakuna namba ya usajili, hakuna jina la kiwanda.

Hizo dalili alizozipata zinafanana sana na za dawa inaitwa sibutramini. Hii ilikuwa dawa halali kabisa ya kukata hamu ya kula, madaktari walikuwa wanaiandika, mpaka ulipofanyika utafiti kwa watu karibu 10,000, wengi wao wenye ugonjwa wa moyo au kisukari, ikaonekana wanaoitumia wanapata zaidi shambulio la moyo na kiharusi. Mwaka 2010 ikatolewa sokoni Ulaya na Marekani. Sasa dawa ikiondolewa madukani haimaanishi imeisha duniani, unga wake unaendelea kutengenezwa na kuuzwa kwa mlango wa nyuma, unaingizwa kwenye vidonge, kahawa na chai za "asili". Marekani walipopitia saplimenti zilizokamatwa na mamlaka yao ya dawa kwa kutiwa dawa kinyemela kati ya 2007 na 2016, zilikuwa 776, karibu 4 katika kila 10 zilikuwa za kupunguza uzito, na kwenye hizo za uzito sibutramini ndo iliongoza kwa mbali. Na hizo ni zile zilizokamatwa tu.

Ubaya ni kwamba dozi hujui. Dawa ya kiwandani imepimwa kwa miligramu, hawa wanachanganya kwa kukisia, kidonge cha leo kina kidogo cha kesho kina mara tatu, na kama wewe una presha au unatumia dawa za sonona ndo balaa maana sibutramini haipatani kabisa na dawa nyingi za sonona.

Kuna nyingine mbaya kuliko hiyo, DNP. Hii ni kemikali iliyotumika kutengeneza mabomu Vita ya Kwanza ya Dunia, miaka ya 1930 ikauzwa kama dawa ya kupungua, watu wakapofuka kwa mtoto wa jicho, wengine wakafa, Marekani wakaipiga marufuku 1938. Inauzwa mpaka leo mtandaoni, vidonge vya njano hivi. Inafanya seli zako zichome nishati ovyo bila breki, joto la mwili linapanda mpaka mtu anafia kitandani anatoka jasho, na dawa ya kuizuia ikishaingia mwilini haipo. Mtu akikwambia "ya kuchoma mafuta, utasikia joto ni kawaida", kimbia.

Haya tuje kwenye zile zisizofanya kitu. Garcinia cambogia, tunda linalotiwa kwenye vidonge vya kupungua, ilipimwa mwaka 1998 kwa kulinganishwa na kidonge feki kisicho na dawa, tofauti hakuna. Kahawa ya kijani iliyovuma sana, utafiti wake wa 2012 uliokuwa unatangazwa kila kona waandishi wenyewe waliufuta 2014 kwa sababu usahihi wa data haukuweza kuthibitishwa. Bado inauzwa na tangazo ni lilelile! Chai za kukata tumbo nyingi zina sena, mmea unaomfanya mtu aharishe, unaenda chooni usiku kucha, asubuhi mzani umeshuka unashangilia, kumbe umepoteza maji na kinyesi, mafuta yapo palepale, ukinywa maji yanarudi. Ukiendelea nayo muda mrefu potasiamu inashuka na moyo unaanza kupiga vibaya. Na hata chai ya kijani, ambayo kuinywa haina neno, ikikamuliwa ikawa vidonge vikali inaweza kuumiza ini, Ulaya walishaonya mwaka 2018 kuhusu dozi za kuanzia miligramu 800 kwa siku za EGCG, ambayo ni kemikali iliyomo kwenye hiyo chai.

Najua kuna mtu atasema mbona zipo dawa za kweli. Zipo. Orlistati ipo, inazuia sehemu ya mafuta ya chakula yasiingie mwilini, matokeo yake ya kawaida tu na ukila mafuta mengi utajuta chooni. Sindano za semaglutidi nazo zinafanya kazi kweli, kwenye utafiti uliotoka 2021 watu walipungua wastani wa karibu asilimia 15 kwa wiki 68. Ona hapo, wiki 68! Huyu wa chupa nyeupe anakuahidi vitu vikubwa kuliko hivyo kwa siku chache. Na kwa vile sindano zimepata jina, feki zimeshaingia, Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo Juni 2024 baada ya kukamatwa semaglutidi bandia Brazil, Uingereza na Marekani. Kwa hiyo ya kununua kwa inbox, usithubutu hata kama boksi linang'aa.

Picha zao za kabla na baada msizitegemee kabisa, nyingi zimeokotwa. Itafute hiyo picha kwenye Google utaikuta inauza dawa nyingine tofauti kwa lugha nyingine. Comment za "nimepungua asante sana" angalieni akaunti zenyewe, hazina picha, hazina marafiki, zote zimefunguliwa mwezi mmoja.

Kama kuna mtu anavitumia sasa hivi na anasikia moyo kwenda mbio, kifua kubana, macho ya njano au mkojo mweusi, aache na aende hospitali leo, aende na chupa na vidonge vilivyobaki, asione aibu kusema ametumia nini maana daktari hawezi kubahatisha. Wasiosikia kitu nao wapeleke chupa kwa mfamasia aiangalie, na mamlaka ya dawa ya nchi yako ipewe taarifa, namba ya simu ya muuzaji na screenshot vinatosha kuanzia.

Huyu ninayemsema mimi ameshabadilisha tena, sasa hivi ni chupa ya zambarau na anasema ni "fomula mpya ya wanawake waliojifungua". Mwenye mtoto anayenyonya asiguse hata kimoja.