Uzoefu wangu: Google Forms kwa dodoso la wafanyakazi, maksi unapata ila siri unailinda mwenyewe

Mi niko HR hapa Dar na madodoso ya wafanyakazi kazini kwetu tunayafanya kwa Google Forms, zile fomu za mtandaoni za Google, sasa naona watu wanaulizana sana kama kweli inaweza kukupa maksi za kila idara bila kujua nani kajibu nini. Inaweza. Ni bure, inafunguka kwenye simu janja yoyote yenye bando, na kwa ofisi ndogo au ya kati sioni sababu ya kulipia mfumo mwingine. Ila siri haijilindi yenyewe, kuna setingi na kuna namna ya kuhesabu, ukizembea hapo umewaanika watu wako.

Kwenye setingi, zima ile ya kukusanya imeili, hiyo wengi wanaijua. Wasichokijua ni ile ya kugeuza fomu iwe kwizi, maana mtu akisikia maksi anakimbilia hapo hapo. Kwizi ni ya majibu sahihi na makosa, dodoso halina jibu sahihi, afu mbaya zaidi ukichagua matokeo yatolewe baadaye baada ya wewe kuyapitia, fomu inawasha ukusanyaji wa imeili. Achana nayo kabisa, tumia maswali ya skeli 1 mpaka 5, 5 ikiwa ni kukubali kabisa, maksi utapiga mwenyewe kwenye Sheets, yaani jedwali la Google yanakoingia majibu.

Kuna na ile ya kuzuia mtu asijibu mara mbili. Ukiiwasha, lazima kila mtu aingie na akaunti yake ya Google. Imeili yake haikufikii wewe, ni kweli, lakini yeye anaiona pale juu ya fomu, na akishaiona tu basi, kila swali anajaza 5 aondoke zake. Mama mmoja wa usafi aliniita pembeni na simu yake mkononi, akanionyesha, "Mwanangu, hii kweli haiendi kwa bosi?" Siku hizi hiyo hatuiwashi, tunachapisha vikaratasi vyenye kodi, yaani namba ya kujaza kwenye fomu, kila karatasi na yake, tunavichanganya kwenye boksi pale kantini, kila mtu anachomoa chake na hamna anayeandika nani kachukua kipi. Kodi ikijirudia kwenye majibu, la pili nalifuta. Watu wanajionea kwamba hamna orodha, na hiyo inawatuliza kuliko barua yoyote ya menejimenti.

Kupiga maksi sio kazi ngumu. Maswali ambayo kukubali ni jambo zuri unachukua wastani. Yale ya kinyume, mfano "nafikiria kutafuta kazi sehemu nyingine", unachukua 6 unatoa jibu, kwa hiyo 5 inakuwa 1, usipofanya hivyo wastani wako wote ni uongo. Tunaweka pia lile swali la 0 mpaka 10, kwamba ungemshauri rafiki yako aje kufanya kazi hapa? Waliotoa 9 na 10 unawapigia asilimia, waliotoa 0 mpaka 6 asilimia, unatoa, wa 7 na 8 hawaingii upande wowote ila kwenye jumla wapo. Tuseme wamejibu 60, wa juu 24, wa chini 18, hapo ni 40 toa 30, alama yako ni 10.

Sasa hapa ndo penyewe. Sheets inakupa mstari mmoja kwa kila mtu, na safu ya kwanza ni tarehe na saa mpaka sekunde. Jibu lililoingia saa tisa usiku ni la nani kama sio mlinzi wa zamu? Afu ukiuliza idara, jinsia na miaka kazini kwa pamoja, mwanamke wa stoo mwenye zaidi ya miaka 10 yuko mmoja tu, hata hujamuuliza jina ushamjua. Mi nauliza idara tu, basi. Na bosi haongezwi kwenye fomu hata akiomba vipi, kwa sababu mwenye ruhusa ya kuhariri anaona jibu moja moja. Namtolea faili jipya, bila safu ya muda, mistari imevurugwa, maoni yako peke yake mbali na maksi.

Idara yenye majibu chini ya 5 haitolewi, naiunganisha na nyingine. Tena ni kuunganisha, sio kuificha, maana ukionyesha idara zote isipokuwa moja na jumla ya kampuni ipo, mtu mwenye kikokotoo anatoa tu anaipata.

Maoni ya kuandika ndo yananikosesha usingizi. Mtu anaandika "ovataimu ya mkesha wa mwaka mpya hatujalipwa", na usiku ule walikuwa wawili. Malalamiko kama hayo nayaandika upya kwa maneno yangu, "kuna ovataimu za sikukuu hazijalipwa", hoja inafika na mtu anabaki salama. Inachukua muda, na hakuna setingi ya kukufanyia hiyo. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ila hata isingekuwepo, huyu mtu ana watoto wanaosoma kwa mshahara huo huo.

Kama mna matawi mengi na mamia ya watu, kulipia mfumo maalumu naelewa, kuvuruga mistari kwa mkono kutawashinda. Ila kabla hamjasaini waulizeni wauzaji: kundi dogo kabisa mnaloonyesha maksi zake ni la watu wangapi, nani anaweza kulishusha hilo kwenye setingi, na mkurugenzi wetu akiwapigia simu kuomba majibu ghafi mtampa? Hilo la mwisho wawajibu kwa maandishi.