Bomba la kupulizia dawa bustanini: kabla ya kuuliza lita, uliza wosha

Malalamiko ninayoletewa kuhusu mabomba ya kupulizia dawa yanafanana mno. Bomba lilinunuliwa jipya, likapuliza vizuri msimu mmoja, mara nyingine hata msimu haukuisha, kisha likaanza kutiririsha dawa kwenye mkono wa mpulizaji. Mwenye bustani akafunga kitambaa, akakaza kwa plaisi, akazungushia tepu nyeusi, mwishowe akalitupa nyuma ya banda la kuku na kurudi dukani. Dukani akauziwa jingine la aina ileile. Dada mmoja wa Morogoro anayelima nyanya na hoho uani kwake ameniandikia akiwa kwenye bomba la tatu, anauliza ni kampuni gani hutengeneza bomba la plastiki ngumu. Dada yangu, plastiki haina kosa. Matangi yako yote matatu bado ni mazima. Kilichokufa ni kipande cha raba kinachoingia juu ya ukucha wako kikabaki na nafasi, na aliyekuuzia hana kipande kingine cha kukupa.

Ndiyo maana sitakaa sana kwenye ujazo, rangi, mikanda au idadi ya nozeli zinazokuja kwenye mfuko wa nailoni. Hayo muuzaji atakueleza mpaka uchoke. Nataka tuzungumzie wosha na oringi, yaani vile vipete vya raba vinavyozuia maji kupita pale ambapo sehemu mbili za bomba zinakutana. Viko kwenye kifuniko, kwenye pampu, mahali mpira unapoingia tangini, ndani ya kishikio, na pale fimbo inapokutana na nozeli. Kimoja kikifa, bomba zima limekufa.

Fungua kishikio cha bomba la bei rahisi lililotumika miezi kadhaa. Ndani utatoa kipini cha chuma chembamba kama spoku ya baiskeli, na juu yake kuna oringi moja au mbili. Oringi mpya hukaa kwenye mfereji wake imebana, ukiivuta inarudi. Hiyo ya zamani imevimba, imelegea, imetoka kwenye mfereji, na ukiisugua inakuachia weusi kidoleni. Hapo ndipo dawa inapopita, hata ukiwa umeachia kishikio.

Sababu yake ni dawa zenyewe. Soma chupa: baada ya jina la kiambato na namba yake kuna herufi, mara nyingi EC, SC (chembe laini ndani ya maji) au WP. EC maana yake kiambato kimeyeyushwa kwenye kiyeyusho cha jamii ya mafuta, na ndiyo sababu ukiimimina kwenye maji yanageuka meupe. Kiyeyusho hicho huingia kwenye raba duni na kuivimbisha. Usidhani umepona kwa kuwa unatumia vya asili tu, kwa sababu mafuta ya mwarobaini nayo ni mafuta, na raba ya kawaida haielewani nayo. WP ni unga. Mankozebu, dawa ya ukungu mnayopulizia ugonjwa wa bakajani wa nyanya, mara nyingi huja hivyo, na dawa nyingi za shaba pia. Unga hauvimbishi raba ila unaikwaruza, hasa kikombe cha pistoni kinachopanda na kushuka ndani ya pampu, mpaka kinaacha kusukuma.

Kwa hiyo kuna raba za aina tatu za kuulizia. Ya kawaida, ambayo ndiyo imejaa madukani, ikimbie. Nitrili inavumilia mafuta mengi, ingawa viyeyusho vikali vya EC huichosha taratibu. Viton ni raba yenye florini, DuPont waliiingiza sokoni mwaka 1957, nayo inastahimili viyeyusho hivyo vizuri kuliko hizo mbili. Muuzaji akikuonyesha raba ya kahawia akasema "hii ndiyo Viton, ona rangi", usikubali. Rangi si ushahidi, kwani raba yoyote hutiwa rangi kiwandani. Tazama maandishi ya kwenye boksi au kitabu cha maelekezo.

Sisi wa bustani za nyumbani uvujaji huu unatuumiza kuliko mkulima wa ekari. Mkulima anayepulizia magugu anaelekeza nozeli chini, kikivuja kinadondoka ardhini. Sisi adui zetu wako chini ya jani: inzi weupe, utitiri mwekundu, vidukari. Ukipulizia juu ya jani tu umeyaogesha majani na wadudu wako palepale. Lazima ugeuze fimbo, nozeli itazame juu. Na kwenye mpasheni uliopanda ukutani au mchungwa uliokuzidi kimo, ni lazima uinue mkono. Hapo kila tone linalovuja kwenye nozeli hurudi na fimbo, likapita kwenye kishikio, likaingia kwenye mkono wa gauni au shati. Kwa mtu anayepuliza, ngozi ndiyo njia kubwa ya dawa kuingia mwilini. Wangapi wetu tunavaa glavu ndefu kupulizia miche kumi ya nyanya? Nimeona kina mama wakimaliza kupuliza, wanafuta mkono kwenye khanga, kisha wanambeba mtoto. Ndiyo maana nalishikilia jambo hili la wosha.

Dukani fanya hivi. Omba maji, mimina kama lita mbili, funga, pampu mpaka mkono uwe mgumu. Puliza kidogo, achia kishikio, kisha shika fimbo nozeli ikitazama juu, na chini ya kishikio weka kipande cha boksi kikavu. Subiri huku mnazungumza bei. Boksi likilowa, mshukuru muuzaji uondoke. Kama ni la mgongoni, livae, kisha inama kama mtu anayeokota kitu, umwambie mwenzako akuangalie mgongoni karibu na kifuniko. Muuzaji atakayekataa kukupa maji ya kujaribia amekwisha kujibu swali lako.

Sasa tupange.

Kwanza: Solo 456

Mimi ni mtu wa Solo na sifichi. Ni kampuni ya Ujerumani, ilianza mwaka 1948, na bomba hili la lita 5 linabebwa begani kwa mkanda mmoja. Unajaza, unafunga, unapampu kwanza ndipo unapuliza. Kwa bustani ya uani, yenye matuta machache, maua na miti miwili mitatu ya matunda, lita 5 zinatosha na bado mama mtu mzima anaweza kulibeba bila kumwita kijana wa jirani.

Sababu yangu kubwa mmeshaijua: wosha zake ni za Viton, na kila kipande kina namba yake ya spea. Oringi ya kishikio ikichoka unanunua kifurushi cha wosha, unakaa kwenye kigoda, unabadilisha, unaendelea. Bomba linakuwa mali, linarithiwa. Lina pia vali ya kutoa upepo, ambayo ni muhimu sana kwa bomba la aina hii, maana ukifungua kifuniko likiwa na presha linakurushia dawa usoni.

Kasoro zake zipo. Upepo unapungua kadiri unavyopuliza, kwa hiyo utasimama kupampu tena. Na bei yake ni mara kadhaa ya bomba lisilo na jina. Lakini yule dada wa Morogoro ameshanunua matatu, na la nne liko njiani. Hesabu hiyo aifanye yeye.

Pili: Solo 425 au 475, kwa mwenye robo eka na kuendelea

Yote mawili ni ya mgongoni, lita 15. Tofauti iko ndani. 425 ina pampu ya pistoni, inatoa presha kubwa, inafaa dawa za maji na miti mirefu. 475 ina pampu ya kiwambo, yaani raba pana inayopanda na kushuka bila kusuguana na ukuta wa silinda, kwa hiyo unga wa WP hauikwaruzi. Ukiwa mtu wa mankozebu na shaba kila mvua zinapoanza, chukua 475. Wauzaji wengi watakuambia zote ni sawa. Si sawa, na tofauti yake utaiona kwenye kikombe cha pistoni baada ya masika mawili.

Kumbuka tu kwamba lita 15 za maji ni kilo 15 kabla hujaongeza uzito wa bomba. Mwenye mgongo mbovu arudi kwenye 456.

Tatu: Matabi na Jacto

Nayaweka pamoja kwa sababu yote ni ya watu wanaojua kazi yao. Matabi yanatengenezwa Hispania na kampuni ya Goizper. Jacto ni ya Brazil, imeanzishwa Pompeia mwaka 1948 na mhamiaji wa Kijapani, Shunji Nishimura, na mabomba yake yanapendwa na wakulima wakubwa. Kampuni zote mbili zinatengeneza spea, na hilo linanitosha kuyasifu. Kwa nini basi nimeyaweka ya tatu? Kwa sababu ya mazoea yangu na kwa sababu ya kishikio. Kishikio cha Solo nakifungua kwa mkono nikiwa bustanini na kukifunga bila kutafuta miwani. Ukilipata Matabi kwa bei nzuri, na duka lina wosha zake kwenye droo, lichukue bila kunitafuta.

Nne: bomba la betri

Najua vijana mnalipenda, na kweli presha yake haipandi na kushuka, kwa hiyo matone yanakuwa sawasawa toka mwanzo mpaka mwisho. Lakini mengi yanayouzwa kwetu yana betri ya asidi ya volti 12, na betri ya aina hiyo ukiiacha tupu inakufa yenyewe. Mkulima anayepuliza kila wiki anaichaji kila wiki. Mwenye bustani ya nyumbani hupuliza mwezi huu, akapumzika miezi miwili, akirudi anakuta haiwaki. Na kishikio chake mara nyingi ni kilekile cha bomba la bei rahisi, chenye oringi ileile. Umelipia mota, uvujaji umebaki.

Mwisho: yasiyo na jina

Bomba la mkononi la lita 2 linafaa kwa mwenye vyungu vya barazani na sabuni ya maji tu. La mgongoni la lita 16 lisilo na jina, nunua kama ni la magugu peke yake, uliandike kwa rangi nyekundu ubavuni, na usilirudishe kwenye nyanya hata uoshe vipi, maana masalia kidogo sana ya 2,4-D, dawa ya kuua magugu, yanatosha kukunja majani ya nyanya. Zaidi ya hapo sina la kuyasemea.

Bomba lolote utakalochukua, likimaliza kazi lisukume kwa maji safi mpaka yatoke kwenye nozeli, toa presha, liweke kivulini kifuniko kikiwa wazi. Oringi zipake grisi ya silikoni kidogo. Vaselini iache kwa ajili ya magoti, kwa sababu ni mafuta ya petroli na inaivimbisha raba ya kawaida kama dawa yenyewe.

Sasa nina neno na wauzaji. Niliingia duka moja la pembejeo kutafuta oringi ya kishikio, oringi moja. Kijana akaniambia, "Mama, hiyo hatuuzi, chukua kishikio kizima." Nikauliza kishikio kizima kiko wapi. Hakuna. "Basi chukua bomba jipya." Ukutani kulikuwa na mabomba yamepangwa mpaka darini, na nyuma ya kaunta hakuna hata kifurushi kimoja cha wosha. Huo si ukosefu wa nafasi. Vifurushi vya mwaka mzima vinaingia kwenye droo moja. Mtu anayeuza pikipiki bila kuuza breki tungemshangaa, lakini huyu anatuuzia chombo cha kubebea sumu na hakuna anayemuuliza.

Na nyie mnaouza mitandaoni, mnaweka picha nzuri, mnaandika "garantii", halafu bei "njoo inbox". Nikija inbox naulizwa niko wapi na nalima nini kabla ya kutajiwa shilingi. Bei inategemea nilipo kwa sababu gani? Bomba ni lilelile. Nikiuliza garantii inahusu nini, jibu ni tangi kutopasuka. Tangi halipasuki! Wekeni garantii kwenye kishikio na pampu, hapo nitawaamini.

Kwa hiyo nina ombi. Kama kwenye mtaa wako kuna duka linalouza kifurushi cha wosha za Solo 456, 425 au 475 peke yake, bila kukulazimisha kununua bomba, iwe Kariakoo, Arusha, Mbeya au Mombasa, niandikie jina la duka na bei uliyolipa. Nitaipanga orodha kwa mikoa na kuiweka hapa, na bei itaandikwa wazi.