Kilo zilizofutika: uzoefu wangu wa kujifunza Kotlin na Jetpack Compose mjini Malindi

Nimesubiri hasira ipungue kabla ya kuandika haya, na haijapungua. Kozi ya kuunda programu za simu niliyoilipia hapa Malindi, katika chuo ambacho sitakitaja jina, ilitangazwa kuwa ya Kotlin, lugha ya kuandikia programu, na Jetpack Compose, zana za Google za kuundia skrini za programu za Android, nami niliifuata kwa haja moja tu. Ami wangu hununua samaki kwa wavuvi na kuwauzia wenye hoteli, na nilitaka kumwandalia programu ya kuweka jina la mvuvi, aina ya samaki na kilo zake, ili zile kesi za daftari lililolowa maji zikome.

Masomo ya mwanzo sina lawama nayo. Kotlin, lugha ya JetBrains iliyofikia toleo la 1.0 mwaka 2016 na kukubaliwa rasmi na Google kwa kazi za Android mwaka uliofuata, ilinipendeza tangu siku za kwanza kwa sababu haikubali thamani tupu ipite kimya kimya. Mtu akiandika koma mahali pa nukta katika kilo saba na nusu, toDoubleOrNull, amri ya kugeuza maandishi kuwa namba, hurudisha null, yaani thamani tupu, na kompaila, chombo kinachotafsiri msimbo, haikuachi uendelee kuijumlisha kama namba mpaka useme itakuwaje iwapo namba haipo. Kwa hesabu za fedha za watu, ukali wa namna hiyo ni neema. Compose nayo, iliyotoka katika toleo lake la 1.0 mwaka 2021, ilinifurahisha zaidi: badala ya kupanga skrini katika faili za XML kisha kuandika msimbo mwingine wa kuibadilisha kila mara, unaeleza skrini iwe vipi kwa hali fulani, yaani kwa data iliyopo wakati huo, na hali hiyo ikibadilika, sehemu inayoisoma hujichora upya.

Basi niliiweka programu katika simu ya ami, wakati kusi lilipokuwa limeanza kutulia na vyombo vikirudi na samaki wa kutosha. Mkono mmoja alikuwa ameshika simu, wa pili uko kwenye mizani. Simu ikalala upande, skrini ikageuka, na kilo alizokuwa ameziandika zikafutika zote. Ikambidi ampime tena nguru aliyekwisha kupimwa, mbele ya mwenye samaki, na asiyejua biashara hii hawezi kufahamu uzito wa jambo hilo: mvuvi akiona samaki wake anarudishwa kwenye mizani hudhani anapunjwa, na neno likishatoka hapo pwani huwa gumu kulirudisha. Ami alinyamaza, akalitoa daftari lake.

Darasani nilimweleza mkufunzi jambo lile kwa heshima, nikamwomba anifahamishe kwa nini hali niliyoihifadhi kwa remember, amri ya Compose ya kukumbuka thamani, kama alivyotufundisha mwenyewe, inapotea simu ikigeuka. Alinijibu bila kuinua uso: “Izuie skrini isigeuke, basi.” Nilipouliza tena, kwa kuwa hilo halikuwa jibu la swali langu, alisema mbele ya darasa zima: “Wewe umekuja kujifunza au kunihoji? Nakili kilicho ubaoni.” Baadhi ya wenzangu walicheka. Nimelelewa kumwita kila anayenifundisha mwalimu, lakini kwa siku nyingi baada ya hapo neno hilo halikuweza kunitoka kinywani.

Ushauri wake niliufuata hata hivyo, na haukufaa kitu. Ami huwalipa wavuvi kwa M-Pesa. Akitoka katika programu kwenda kutuma fedha, simu yake yenye kumbukumbu ndogo huifunga programu iliyoachwa nyuma, na akirudi hukuta nafasi za kuandikia ziko tupu. Hapo hasira ilinihamia kwenye Compose yenyewe, nikawaambia watu kadhaa wasipoteze muda wao nayo. Hukumu hiyo naiondoa leo, maana maelezo rasmi ya Android, ambayo yeyote anaweza kuyasoma, yanalieleza jambo hili waziwazi. Skrini inapogeuka, kwa kawaida Android huiharibu Activity, yaani sehemu ya programu inayobeba skrini, na kuiunda upya, na kilichowekwa kwa remember huondoka pamoja nayo. Ukitumia rememberSaveable, thamani huhifadhiwa katika kifurushi ambacho mfumo hukirudisha, hata pale mfumo wenyewe ulipoifunga programu ili kuokoa kumbukumbu. Kwa rekodi za kudumu kuna hifadhidata ya Room. Dawa ya kilo za ami ilikuwa kubadilisha neno moja katika mstari mmoja wa msimbo, na mtu aliyelipwa kulifundisha neno hilo aliona ni bora anifedheheshe.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba Google wana kozi yao wenyewe ya kuanzia, Android Basics with Compose, ambayo hailipishwi hata senti. Mimi nimelipa karo. Nilipofika hapa nilikuwa tayari kuandika kwamba mtu yeyote mwenye intaneti akae kwake ajifunze, lakini haki yanitaka niseme pia kwamba Android Studio, programu ya kutengenezea programu za Android, ni nzito, kompyuta yangu haiwezi kuifungua pamoja na emuleta, ile simu ya kuigiza ndani ya kompyuta, na Gradle, chombo cha kujengea mradi, ikianza kupakua maktaba zake bando la siku huisha kabla ya mradi kujengwa. Kompyuta za chuo zilikuwa na nguvu, na intaneti yao haikukatika. Bila chumba kile nisingefika hata kwenye tatizo lenyewe.

Lakini chumba na umeme si elimu. Kila nikiikumbuka ile “nakili kilicho ubaoni”, sifa zote nilizokipa chuo naona nimezipa kompyuta zake tu. Wanaojiandikisha sasa nao watakwenda kuandika programu za maduka ya dawa, za vyama vya akiba, za madrasa, na watakabidhi kwa watu wazima programu inayosahau kilichoandikwa mara simu inapoegemea upande. Nimemwandikia mkuu wa chuo nikitaka mambo mawili: somo la kuhifadhi hali liingizwe katika kozi kabla ya darasa lijalo, na nirudishiwe sehemu ya karo. Sijajibiwa. Kotlin na Compose nazipa nyota tano bila kusita. Chuo nilikusudia kukipa mbili kwa ajili ya zile kompyuta, na sasa nakipa moja mpaka barua yangu ijibiwe.