Skyrim bado inalipa, ila hiyo ya sita naomba iwe ndogo

Nianze na jibu fupi kwa vijana wa kibanda cha gemu Ngamiani wanaoniuliza kila siku: ndio, Skyrim inunueni, hata kama ni gemu la Novemba 2011, na mi naipa nane kwa kumi bila kupepesa macho. Jibu refu ndo hili, na litachanganyika na habari za ile ya sita, maana Skyrim ndo ya tano kwenye mfululizo wa The Elder Scrolls wa kampuni ya Bethesda, na kiukweli siwezi tena kuzitenganisha. Toka treila litoke Juni 2018 tuko tunasubiri, na treila lenyewe halifiki hata dakika, milima, mziki, jina The Elder Scrolls VI, kwisha. Watoto waliozaliwa mwaka ule sa hivi wako shule ya msingi.

Utamu wa Skyrim ni kwamba haikusukumi. Mwanzoni unasubiri kukatwa kichwa, joka linatua mjini, unakimbia, unatokea upande wa pili wa pango afu basi, nchi nzima iko mbele yako na hamna anayekushika mkono. Ukitaka kumfata Alduin, lile joka adui mkuu, sawa, ukitaka ukawe mwizi mji wa Riften sawa, ukitaka uchume maua upike dawa uuze mpaka uwe tajiri pia sawa, na kile unachokifanya sana ndo kinachopanda, ukipiga upanga upanga unapanda, ukinyata kunyata kunapanda, skili ziko 18 na hulazimishwi kuchagua kazi mwanzoni. (Wengi tunaishia kunyata na upinde gizani, usijione wa ajabu.) Na mziki wa Jeremy Soule ule wa usiku, unatembea kwenye theluji, sie wa Tanga ambao theluji tunaionea kwenye picha tu, dah, kuna siku namwacha karakta amesimama tu nasikiliza.

Upande wa mfuko sasa. Toleo lake la Special Edition la 2016 linataka nafasi GB 12 na RAM GB 8, kwa hiyo laptopu ya mtumba yenye kadi ya grafiksi ya wastani inalibeba vizuri tu. Linganisha na Starfield, gemu lao la anga za juu, GB 125 na lazima diski ya kasi ya SSD, hapo ni bando tu hujanunua gemu lenyewe. Skyrim unaipakua mara moja kwa bando la usiku afu unacheza hata bila intaneti, na inajisevu yenyewe ukipita mlango wa kuingia sehemu, umeme ukikatika hupotezi sana. Bei kamili ni dola 39.99 lakini usinunue kwa bei hiyo bana, subiri punguzo, yanakuja mara kwa mara. Afu modi, yale marekebisho yanayotengenezwa na wachezaji, ziacheni kwanza, najua mnazitaka, ila chezeni gemu kama lilivyo mpaka mlijue ndo mje mlipambe, mtu anarundika mamodi kibao siku ya kwanza likigoma analalamika gemu bovu.

Haya, alama mbili nimezikata wapi. Ya kwanza, watu wa mle ndani hawana kumbukumbu. Unaingia chuo cha uchawi cha Winterhold kwa kuonyesha uchawi mmoja tu getini, unamaliza stori yao, unapewa ukuu wa chuo, na mda wote huo ulikuwa unakata watu na shoka! Mtu huyo huyo ni bosi wa wezi, ni kiongozi wa Companions, chama cha wapiganaji, wauaji wa Dark Brotherhood wanamsikiliza yeye, juu ya yote kaokoa dunia, afu anapita getini mlinzi anamtania eti nani kakuibia keki. Mimi? Niliyeangusha joka mbele ya macho yako?

Morrowind ya 2002, ile ya tatu, hawakuwa na ujinga huo. Pale kupanda cheo kwenye chama chochote lazima skili zako zifike, hujui uchawi hupandi, na zile koo kubwa tatu, Hlaalu, Redoran na Telvanni, unachagua moja. Hamna mshale wa kukuonyesha pa kwenda, mtu anakuelekeza kwa mdomo na ukipotea umepotea. Na ukimuua mtu muhimu wa stori gemu linakwambia wazi kwamba utabiri umekatika, rudi kwenye sevu yako au uendelee kuishi kwenye dunia uliyoiharibu mwenyewe. Skyrim mtu muhimu ukimkata anapiga goti, anapumua kidogo, anainuka. Hapo ndo woga wote unaisha.

Ya pili ni mapango. Sisi tuliokulia karibu na Amboni tunajua raha ya pango ni kutojua linaishia wapi, wazee wanakwambia linatokea Mombasa na unaamini maana hamna aliyefika mwisho akarudi kubisha. Ya Skyrim karibu yote mwisho unakuta sanduku, afu kimlango cha siri kinachokurudisha pale pale ulipoingilia. Ukishayazoea unayatembea kama korido ya hoteli.

Sasa watu wakiniuliza nataka nini kwenye ya sita wanategemea niseme ramani kubwa. Hapana. Hawa jamaa wa Bethesda kubwa walishafanya, Daggerfall ya 1996, ile ya pili, ilikuwa na maelfu ya miji na mapango yaliyopangwa na kompyuta, ukiona mji mmoja umeona mia. Iliyofata kwenye zile kuu ni Morrowind, wakabana wakatengeneza kisiwa kimoja, Vvardenfell, kwa mkono, na ndo hicho watu mpaka leo wanakitaja kwa hisia. Afu 2023 wakarudi kule kule, mkuu wao wa magemu Todd Howard alikuwa ametuahidi sayari zaidi ya 1,000 kwenye Starfield, na kweli zipo, unatua unakimbia kwenye mawe unakuta jengo ambalo ushaliona sayari nyingine, hadi vitu vya mezani vimekaa vile vile. Nipeni miji mitano tu yenye watu wanaokumbuka nilichowafanyia, mapango ishirini ambayo mengine hayana mwisho mzuri, nitakaa humo miaka kumi mingine.

Kingine ni bahari, na hapa najua naongea kama mtu wa pwani. Mashabiki wengi wanaotea kwamba ya sita itakuwa Hammerfell, nchi nyingine ya dunia hiyo hiyo ya gemu, Bethesda wenyewe hawajataja, ila mi naombea iwe hivyo kwa nguvu zote. Hammerfell ni kwa Redguard, watu weusi ambao mababu zao walivuka bahari kutoka Yokuda baada ya bara lao kuzama, na 1998 walishapata gemu lao dogo kwenye kisiwa cha Stros M'Kai. Watu wa vyombo kabisa hao. Nenda sasa bandari ya Solitude kwenye Skyrim uone meli zilivyokaa, nzuri, kubwa, hazitikisiki, zimepigiliwa kama mapambo, baharini kwenyewe unaogelea kidogo unaambiwa huwezi kwenda mbele zaidi. Mtu aliyezoea kuona ngalawa zikitoka alfajiri pale Deep Sea, Tanga, hilo linamuuma kuliko bagi yoyote, yaani hitilafu ya gemu, bagi utacheka ukaendelea.

Kwa hiyo hiyo ya sita wakifungua oda za mapema mi sitoi hata mia mpaka nione video ya mtu anapandisha tanga na chombo kinaondoka gatini kweli.