Mara ya kwanza Lisbon: tiketi ipi ukate, ipi uiache

Kila mgeni ninayempokea Lisbon huniuliza swali lilelile kabla hata hajatua begi: nikate tiketi gani? Uwanja wa ndege ameshaona matangazo ya kadi ya watalii, mjini amekuta mabasi ya ghorofa yasiyo na paa, na kila kona kuna bajaji inamwita. Euro 100 zinaweza kwisha siku ya kwanza na mtu bado hajaona kitu. Nimewatembeza wazee, wanafunzi, na jamaa waliopita siku mbili tu wakielekea kwingine, na huu ndio mpangilio ninaowapa, kuanzia cha kulipia kwanza hadi cha kuachana nacho. Bei ninazotaja ni za kukadiria, maana hupandishwa mara kwa mara.

Kwanza uujue mji ulivyo. Lisbon ni vilima na mto. Mto huo, Tejo, hapa mdomoni umetanuka hadi mgeni anadhani ni bahari, na Atlantiki yenyewe iko kilomita chache magharibi. Mazuri mengi ya mji yako nje, hayana mlango wala mkata tiketi: vichochoro vya mtaa mkongwe wa Alfama, kuta zilizovikwa vigae vya rangi ya samawati, uwanja mkubwa wa Praça do Comércio unaoishia majini, na zile baraza za kilimani ambazo Wareno huziita miradouro. Kwa hiyo pesa ya mwanzo iende kwenye usafiri.

Namba 1: tiketi ya usafiri ya saa 24

Ni kama euro 7, pamoja na senti 50 za kadi ya karatasi iitwayo Navegante. Unainunua kwenye mashine ya kituo chochote cha metro, hata kile cha uwanja wa ndege. Saa 24 zinaanza kuhesabika pale unapoigusisha kadi kwa mara ya kwanza, si pale unapoinunua. Aliyefika saa tisa alasiri anaitumia mpaka saa tisa alasiri ya kesho yake. Inakubeba kwenye metro (treni ya chini ya ardhi), mabasi na tramu, ile namba 28 maarufu ikiwemo, na namba 15 inayokwenda Belém, mtaa wa magharibi kandokando ya mto. Kila mtu awe na kadi yake, hata mkiwa mume na mke. Ukipanda tramu mikono mitupu na kumlipa dereva, safari moja tu inazidi euro 3, kwa hiyo safari tatu zimekwisha kuilipa tiketi ya siku nzima.

Ipo pia ya kama euro 10 inayojumuisha pantoni ya kwenda Cacilhas, ng'ambo ya mto. Mimi huwaambia wageni wachukue hiyo. Mtu wa Dar ataikumbuka Kigamboni, wa Mombasa ataikumbuka Likoni: watu wametoka kazini, wengine wamesinzia, mwingine ana mfuko wa samaki miguuni. Unapandia Cais do Sodré, na dakika kama 10 baadaye umeshafika. Nenda jua likikaribia kuzama, kisha ugeuke uutazame mji ulikotoka, nyumba zimepandiana juu ya vilima na madirisha yote yanawaka. Boti za watalii zinauza mandhari hayohayo kwa bei mara kadhaa ya hiyo. Daraja jekundu unaloliona juu ya mto lilifunguliwa mwaka 1966 likiwa na jina la dikteta Salazar. Leo linaitwa 25 de Abril, yaani Aprili 25, siku ya mapinduzi ya 1974 yaliyouangusha utawala ule na kufungua njia ya uhuru wa Msumbiji mwaka uliofuata. Kwa Mtanzania aliyekua akisikia habari za FRELIMO, chama kilichopigania uhuru huo, kwetu, jina hilo lina uzito wake.

Kuhusu tramu namba 28: ipande kabla ya saa mbili asubuhi, au jioni. Mchana foleni ya Martim Moniz, kituo inakoanzia, inakula saa nzima, na ndani mnabanana kama daladala ya saa kumi na moja, hali wanayoipenda sana wezi wa mifukoni. Ukiweza, anzia upande wa pili, Campo de Ourique. Utapata kiti cha dirishani, na vile vigari vya mbao vya enzi za 1930 utavifurahia kwa raha zako.

Namba 2: mlango mmoja wa makumbusho, na mlango huo ni Museu Nacional de Arte Antiga

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu miongozo mingi ya Kizungu huyaweka makumbusho haya ukurasa wa mwisho. Kwa msomaji wa Kiswahili yanapaswa kutangulia mbele ya ngome na mnara wowote.

Yako mtaa wa Janelas Verdes, kati ya katikati ya mji na Belém. Ndani kuna chombo cha dhahabu kiitwacho Custódia de Belém. Ni monstransi, kile chombo ambacho Wakatoliki huonyeshea Ekaristi. Mwaka 1502 Vasco da Gama, akiwa kwenye safari yake ya pili, alifika Kilwa na merikebu za mizinga, akamlazimisha mtawala wa pale alipe kodi ya dhahabu kwa mfalme wa Ureno. Dhahabu ile ilifika Lisbon mwaka 1503. Mfalme Manuel wa Kwanza akaamuru itengenezwe monstransi, kazi inayohesabiwa kuwa ya sonara Gil Vicente, ikakamilika 1506. Kufikia hapo Kilwa yenyewe ilikuwa imeshavamiwa na kuporwa na kamanda wa Kireno Francisco de Almeida, mwaka 1505.

Usisimame mbali. Kisogelee kioo. Mitume 12 wamepiga magoti kuzunguka mahali pa hostia, kila mmoja na sura yake na mikunjo ya joho lake, wote wamepakwa rangi za kung'aa juu ya dhahabu. Kwenye shingo ya chombo kuna tufe ndogondogo za mabaharia, nembo ya Manuel. Kisha inama utazame kitako. Pamechorwa ndege, maua na konokono, na ukingoni pamezungushiwa maandishi yanayosema kwamba mfalme aliamuru chombo hiki kifanywe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa. Jina la Kilwa lipo pale, kwa tahajia ya Kireno cha zamani, na unaweza kulifuata herufi kwa herufi. Mimi nimekulia Lindi, na magofu ya Kilwa Kisiwani nilipelekwa na shule nikiwa darasa la sita. Siku niliyoliona jina lile kwenye dhahabu ile, nyuma ya kioo, nilikaa kwenye benchi muda mrefu. Kila mgeni wa kwetu niliyempeleka amekaa kwenye benchi hilo hilo.

Kabla hujaenda, angalia tovuti yao kama pamefunguliwa. Majumba ya kale ya serikali hufungwa kwa ukarabati, na mnara wa Torre de Belém wenyewe ulifungwa mwaka 2025 kwa sababu hiyo.

Namba 3: Lisboa Card, kama una siku ya Belém au Sintra

Hii ndiyo kadi ya watalii unayotangaziwa uwanja wa ndege. Ya saa 24 inazidi euro 30 kidogo, na zipo za saa 48 na 72. Inakupa usafiri wote wa mjini, treni za miji jirani ya Sintra na Cascais, na milango mingi ya makumbusho. Ni nzuri kwa mtu mwenye mbio. Hesabu yake ni hii: bustani ya ndani ya monasteri ya Jerónimos, kule Belém, peke yake ni kama euro 18, usafiri wa siku euro 7, ukiongeza makumbusho niliyoyasifu hapo juu umeshaikaribia bei ya kadi au kuipita. Mlango mmoja zaidi ni faida. Lakini mtu wa kuzurura mitaani na kunywa kahawa atakuwa amelipia milango ambayo hataigusa.

Mambo mawili huwakwaza wengi. Kadi haikuondolei foleni ya nje ya Jerónimos, kwa hiyo uwe pale kabla hapajafunguliwa. Na milango yote haimo: Castelo de São Jorge unalipia, na kule Sintra kasri la Pena unalipia pia. Treni ya Sintra inaondokea kituo cha Rossio, safari ya dakika 40 hivi.

Kanisa la Jerónimos lenyewe ni mlango mwingine na ule wa bustani ya ndani, na kuingia kanisani ni bure. Ujenzi ulianza miaka ya 1500 mwanzoni, na sehemu ya gharama ilitoka kwenye kodi ya asilimia 5 ya biashara ya viungo na mali za ng'ambo. Ukiingia tu, kushoto ni kaburi la Vasco da Gama, yule yule aliyefukuzana na watu wa Mombasa mwaka 1498 kisha akapokewa Malindi na kupewa rubani wa kumvusha hadi India. Wageni wengi hupita wakitazama dari. Wewe simama.

Na masikio yako yawe wazi huku Belém. Igreja, utalisikia, yaani kanisa, na ndilo lililotuzalia neno gereza. Mesa ni meza, bandeira ni bendera, lenço ni leso. Mama mmoja wa Tanga niliyemtembeza alikuwa anasoma vibao vya madukani kwa sauti, akicheka kila alipokuta neno la nyumbani kwake.

Namba 4: mwongoza watalii wa kutembea kwa miguu

Zile ziara zinazoitwa za bure zinaishia kwa bahashishi, na euro 10 hadi 15 kwa kichwa ni heshima. Kwa saa mbili au tatu unapata kitu ambacho kadi haiwezi kukupa: mtu wa kukueleza tetemeko la asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1755. Ilikuwa sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wamejaa makanisani. Baada ya tetemeko likaja wimbi kutoka mtoni, na moto uliowaka siku kadhaa. Ndiyo maana mitaa ya Baixa, katikati ya mji, imenyooka kama rula, iliyojengwa upya chini ya waziri Pombal, wakati Alfama imebaki na kona zake na jina lake la Kiarabu. Magofu ya kanisa la Carmo yaliachwa bila paa hadi leo. Kuyaingia ni ada ndogo, na ningeitoa kabla sijafikiria ya Castelo.

Ukichagua, muulize mwongozaji kama anagusa historia ya Waafrika wa Lisbon. Kwenye Largo de São Domingos, karibu na Rossio, Waafrika hukutana kila siku kuzungumza na kuuza njugu na kola. Mwongozaji asiyesimama pale hajakuonyesha mji.

Namba 5: Castelo de São Jorge

Ngome hii ilikuwa ya Waislamu mpaka mfalme wa Ureno Afonso Henriques alipoiteka mwaka 1147. Kuta ni nzuri, tausi wanatembea, watoto wanafurahi. Ila wengi hulipa zaidi ya euro 15 kwa ajili ya mandhari tu, na mandhari hayo yako bure, tena pamoja na ngome yenyewe ndani yake, ukiwa Miradouro da Senhora do Monte.

Namba 6: bajaji

Ndiyo, bajaji, zimejaa tele. Saa moja huanzia kama euro 60. Kwa kijana ni hasara. Kwa mzee mwenye magoti mabaya ni ukombozi, kwa sababu milima ya Alfama haina huruma na basi kubwa haliingii kule. Nilishawahi kukubaliana bei kwa mdomo pale Portas do Sol, tuliposhuka nikaambiwa ile ilikuwa bei ya kila kichwa, na tulikuwa wanne na mama mkwe wangu mmoja wao. Taja bei ya bajaji nzima, muda wake na njia yake, na uandikiwe kwenye simu kabla mzee hajapanda.

Namba 7: basi la ghorofa

Linazidi euro 20, linapita barabara kubwa tu, na Alfama utaitazama kwa mbali. Siku ya jua kali huko juu unaungua.

Usilipie

Lifti ya Santa Justa, ya mwaka 1902 na urefu wa mita 45, itazame kutoka chini. Ukitaka kwenda kule juu, pitia Largo do Carmo kwa miguu, njia iko nyuma ya magofu. Vile viberenge vya kupanda mlima navyo visiwe tegemeo la ratiba yako. Septemba 2025 kile cha Glória kiliacha njia na watu 16 wakafariki, Mungu awarehemu.

Viatu viwe raba zenye soli ya kushika, kwa sababu mawe meupe ya njiani yamesuguliwa na miaka, na yakiloa yanateleza kama sabuni. Na tazama kalenda kabla ya kukata chochote: Jumatatu Jerónimos na makumbusho ya serikali hufungwa. Ukifika Jumapili usiku, kadi ya watalii iwashe Jumanne. Jumatatu ni ya Alfama asubuhi, mtaa wa Mouraria kwa chakula cha mchana, ambako migahawa ya halali imepangana karibu na Martim Moniz, halafu Cais do Sodré na pantoni ya saa kumi na mbili jioni.