Kupimiwa ethi kwenye nyumba ya zamani: uzoefu wangu

Huduma ninayoielezea hapa ni ya kukaguliwa na kupimiwa ethi, yaani waya unaopeleka ardhini umeme uliovuja, si ya kusuka waya upya. Nyumba ni ya familia, iko Tanga, ilijengwa miaka ya 1970, na friji ya jikoni ilikuwa inatekenya ukiishika ukiwa peku. Fundi wa mtaani alichomeka kile kitesta cha taa tatu kwenye soketi ya sebuleni, taa zikawaka zinavyotakiwa, akasema ethi ipo, akachukua chake akaondoka. Friji ikaendelea kutekenya. Ndipo nikamtafuta fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia huduma za nishati na maji.

Huyu alianzia nje. Kutoka kwenye nguzo zinakuja waya mbili tu: laivu unaoleta umeme na nyutro unaourudisha. Ethi ni ya mwenye nyumba, hivyo lazima ionekane uani. Akaufuata waya wa kijani kutoka kwenye meinswichi, ukazunguka nyuma ya jiko, ukaishia kwenye bomba la chuma la maji, umebanwa na klipu iliyoliwa na kutu. Enzi hizo bomba lilipita chini ya ardhi umbali mrefu, likatosha. Letu lilishabadilishwa kuwa la plastiki, kikabaki kipande kifupi tu cha chuma ardhini.

"Mama, hii ethi ni ya picha," akaniambia.

Kilichonishtua zaidi ni sebuleni. Alizima umeme, akafungua ile soketi iliyosifiwa: waya wa ethi haukufika pale kabisa. Mtu alichukua kipande cha waya akaunganisha nyutro na tundu la ethi. Kitesta cha taa kinaangalia kama kuna volti kati ya laivu na ethi, basi. Hakina habari umeme unarudi kwa njia gani. Siku nyutro ikikatika, bodi ya chuma ya kifaa chochote kilichochomekwa hapo inaweza kubeba volti 230. Aliyefanya hivyo alijua kabisa kwamba anamridhisha mkaguzi mwenye kitesta cha taa.

Kupima kwenyewe kulihitaji mashine halisi. Alitenganisha waya wa ethi, akapigilia vijiti viwili vya chuma uani kwa mstari ulionyooka, akavuta nyaya. Mashine ikasoma zaidi ya omu 900; omu ni kipimo cha ukinzani, na kwa ethi namba ndogo ndiyo nzuri. Tukapigilia ardhini rodi (fimbo) mpya za shaba, ikashuka hadi 46. Nikadhani tumemaliza. Akanipigia hesabu: laivu ikigusa bodi ya kifaa, volti 230 gawanya kwa omu 46 ni ampia 5, na breka ya ampia 32 haikati kwa ampia 5. Ndiyo maana akasisitiza breka ya kuzuia uvujaji, inayokata umeme ukivuja kiasi kidogo tu cha miliampia 30, hata kama rodi ni nzuri. Tulipima kiangazi, udongo ukiwa mkavu, na alisema ndiyo vizuri: mvua ikinyesha namba hushuka yenyewe, hivyo ukipima masika unaweza kujidanganya.

Malalamiko ninayo. Alichelewa nusu siku bila simu, na bei ya rodi niliijua zikiwa zimeshapigiliwa. Namba kaniandikia kwenye karatasi, lakini soketi zilizobaki hakuziorodhesha mpaka nilipomdai. Nampa nyota nne. Ukimwita fundi wa aina hii, muulize kwanza kwenye simu kama ana mashine ya kupimia ethi. Akikujibu kwamba testa inatosha, tafuta mwingine.